Mfupa wa Nyonga: Kulazwa au Kupasuliwa?

Wasikilizaji, mzee akijikwaa akaanguka kwa ubavu, mara nyingi mfupa uvunjikao ni wa nyonga, yaani sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Mguu huonekana mfupi, unyayo hupinduka nje, na mgonjwa hawezi kusimama. Waganga wa Ulaya na Marekani walishindana miaka mingi juu ya jambo hili: je, mgonjwa alazwe mpaka mfupa uunge wenyewe, au apasuliwe? Leo nitawaeleza habari za mashindano hayo.

Katika mwaka 1822 Sir Astley Cooper, mpasuaji wa Guy's Hospital mjini London, alitoa kitabu juu ya viungo vilivyoteguka na kuvunjika. Humo alipambanua mivunjiko ya nyonga namna mbili. Mfupa ukivunjika nje ya kifuko cha kiungo, huunga, kwa kuwa damu hufika pande zote mbili. Lakini ukivunjika shingoni, ndani ya kifuko hicho, kichwa cha mfupa hukosa damu ya kutosha, na kuunga ni shida. Basi Cooper hakupenda kumfunga mzee banzi miezi mingi bure. Alishauri apumzike mpaka maumivu yapungue, kisha aketi kitini, kisha atembee kwa magongo, ijapokuwa atachechemea maisha yake yote. Alikwisha kuona kwamba kinachomwua mzee si mfupa, bali ni kitanda. Sababu zake twazijua: vidonda vya malazi, kichomi cha mapafu, na damu kuganda katika mishipa ya miguu.

Si wote waliokubali. Mwanzoni mwa karne ya 20 Royal Whitman wa New York alifundisha kwamba hata mfupa wa shingo waweza kuunga ukirudishwa sawasawa. Mgonjwa alipewa dawa ya usingizi, mguu ukavutwa, ukatanuliwa na kuzungushwa ndani, kisha akafungwa plasta ngumu tangu kifuani hata mguuni. Baadhi walipona. Walakini mzee dhaifu aliyekaa wiki nyingi ndani ya gamba lile alikuwa angali mfungwa wa kitanda.

Wakati huo kupasua kulikuwa kumekwisha pata nyenzo zake. Usingizi wa etha ulionyeshwa Boston mwaka 1846. Joseph Lister alitangaza njia ya kuzuia usaha mwaka 1867. Na Röntgen akagundua mionzi ya eksirei mwaka 1895. Pasipo hayo, kufungua nyonga kulikuwa kuita mauti.

Ndipo mwaka 1925 Marius Smith-Petersen, mzaliwa wa Norway aliyekuwa mpasuaji huko Boston, alipoanza kutumia msumari wa chuma wenye mbawa tatu. Mbawa hizo zilizuia kichwa cha mfupa kisizunguke, wala hazikula mfupa mwingi. Mwaka 1932 Sven Johansson wa Sweden alieleza msumari wenye tundu katikati, upitao juu ya waya mwembamba huku mpasuaji akiongozwa na picha za eksirei. Hata haja ya kufungua kiungo chenyewe ikaondoka. Baadaye, mfupa ambao hautumainiwi kuunga, kichwa chake kiliondolewa na kuwekwa cha chuma.

Hivyo kupasua kulishinda, lakini angalieni sababu. Faida yake kubwa ni kwamba mgonjwa huondoka kitandani mapema, jambo lile lile alilolitaka Cooper. Tena ngoja ngoja huumiza matumbo: huko Uingereza hospitali hujitahidi kupasua kabla ya saa 36 kupita.

Hata hivyo shauri halikwisha. Katika mwaka 2022 waganga wa Uholanzi walitoa habari za wazee dhaifu mno, wakaao katika nyumba za kutunzia wazee, ambao waliulizwa wenyewe pamoja na jamaa zao kama wataka kupasuliwa. Waliokataa walitulizwa maumivu. Wengi wao walifariki upesi, lakini hali ya siku zao za mwisho haikuwa mbaya kuliko ya waliopasuliwa.

Basi, msikilizaji, mzee wako akivunjika nyonga, usimwulize mganga tu kama mfupa utaunga. Uliza ataondoka lini kitandani. Na mzee mwenyewe naye aulizwe atakalo.