Virutubishi Nyongeza: Kuongeza Juu ya Nini?

Katika kata ya Nyanungu, wilayani Tarime, mtoto asiyetulia darasani huitwa mtundu, na anayesahau alichotumwa dukani huambiwa hasikii. Wengi wao ni watoto tu kama watoto wengine. Wachache wana tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliopitiliza. Kwa hao dalili huanza kabla ya miaka 12, hudumu angalau miezi 6, na huonekana nyumbani na shuleni, si kwa mwalimu mmoja pekee. Mzazi wa mtoto huyo amechoka na lawama, na ndiye anayetafutwa na wauzaji wa makopo ya unga na vidonge vinavyoitwa virutubishi nyongeza.

Kirutubishi ni kile kilichomo ndani ya chakula ambacho mwili hukitumia kukua na kufanya kazi: madini chuma, zinki, madini joto, vitamini, mafuta. Hapo hakuna utata. Utata uko kwenye nyongeza. Kliniki, mama hufundishwa kuhusu chakula cha nyongeza, yaani uji na vyakula laini anavyoanzishiwa mtoto wa miezi 6 juu ya maziwa ya mama, na hicho kila mtoto anakihitaji. Neno hilo likihamia kwenye kopo, huhama na imani yake: kila mtoto anapungukiwa, na kuzidisha hakuna hasara. Ndiyo maana mimi napendelea kusema virutubishi vya kujazia. Huwezi kujazia pasipo pengo, kwa hiyo jina lenyewe linadai pengo lioneshwe kwanza.

Hasara ipo, na tumeiona hapa kwetu. Kisiwani Pemba, watoto wadogo walipewa madini chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku, katika mazingira yenye malaria nyingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha kwamba waliopewa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa au kuugua sana kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ilikuwa imesimamishwa kabla ya wakati. Mkoa wa Mara, iliko Tarime, nao una malaria. Mtu asimnunulie mtoto vidonge vya chuma kwa sababu tu hatulii.

Hata hivyo, pengo likiwa la kweli, kulijaza kuna maana kubwa. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka, hukasirika haraka na hushindwa kufuatilia somo, na mwalimu anaweza kudhani ana tatizo la umakini. Kuhusu madini joto, Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini hayo katika wilaya zilizokuwa na rovu nyingi. Utafiti wa mwaka 2009 ulisema watoto waliokingwa tangu tumboni, hasa wasichana, walisonga mbele zaidi shuleni. Wachambuzi waliorudia hesabu baadaye walipata matokeo dhaifu zaidi.

Mafuta ya samaki ya omega-3 ndiyo yanayotangazwa kuliko yote. Mapitio makubwa ya Cochrane ya mwaka 2023 yalikusanya majaribio kwa watoto na vijana wenye tatizo la umakini na utukutu, na hayakuona nafuu ya maana katika dalili kuu. Bei ya kopo moja inaweza kununua dagaa wa kutosha familia nzima kwa siku nyingi.

Kwa hiyo mzazi wa Nyanungu aanzie kituo cha afya: wingi wa damu upimwe, malaria na minyoo viangaliwe, masikio na macho yachunguzwe, aulizwe mtoto analala saa ngapi, na kama huduwaa sekunde chache bila kusikia akiitwa, maana hicho chaweza kuwa kifafa. Nyumbani, ulezi uoteshwe kimea kabla ya kusagwa, ili chuma chake kifyonzwe vizuri zaidi. Uji unywewe pamoja na pera au chungwa, na chai ingoje hadi chakula kishuke.