Fundi wa Karakana, Mwalimu wa Pili



Katika taarifa hizi za kila mwaka hutajwa wanafunzi waliosaidiwa na Chama, pamoja na walimu waliowafundisha. Yuko mtu wa tatu ambaye jina lake haliandikwi, naye ni fundi wa karakana: yule afunguaye mlango asubuhi, anoaye patasi, akandaye udongo, awashaye tanuri, na kukaa kando ya mwanafunzi wakati mwalimu amekwisha kwenda zake. Twaona yafaa habari zake ziandikwe, maana katika mitaa yetu ya Riruta, Kawangware na Kibera vijana wengi hutafuta riziki kwa kazi za mikono, na Chama hakina budi kujua fedha zake ziende wapi.

Tuanze karibu na nyumbani. Mwaka 1924 Serikali ya kikoloni ilianzisha huko Kabete Native Industrial Training Depot, yaani kituo cha kuwafundisha Waafrika kazi za ufundi. Vijana walifungwa kwa mikataba ya uanagenzi, wakajifunza useremala, uashi na uhunzi. Kituo hicho kingali kipo, na leo huitwa Kabete National Polytechnic. Walakini wazazi wengi wa siku zile waliitazama elimu ya namna hii kwa shaka, wala hawakukosea kabisa. Waliona ya kuwa mtoto wa Mzungu alipewa vitabu ilhali mtoto wao alipewa nyundo, na ya kuwa fundi Mwafrika alilipwa kidogo kuliko Mhindi au Mzungu. Ndipo kazi ya mikono ilipopata jina baya, ikawa kama adhabu ya mtu aliyeshindwa na vitabu. Jina hilo halijafutika mpaka leo.

Huko Uganda mambo yalichukua njia nyingine. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, na mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya. Maloba akawa mwalimu mahali palepale, akachonga sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962, kisha katika miaka hiyo ya 1960 akaja Nairobi kufundisha usanifu chuoni. Kwa kazi ya watu kama hawa, kufinyanga na kuchonga kukahesabiwa kuwa elimu ya chuo kikuu. Hiyo ilikuwa heshima kubwa. Lakini heshima ilimfikia mwalimu na mwenye shahada. Mtu wa karakana akabaki nyuma ya mlango.

Na kazi ya mtu huyu ni nini? Chombo cha udongo kikitiwa tanuri kabla hakijakauka sawasawa, maji yaliyomo hugeuka mvuke joto lipitapo digrii 100, na chombo hupasuka, pengine kikavunja na vya jirani. Hata udongo mkavu una maji yaliyofungamana nao, ambayo hutoka joto likaribiapo digrii 500 na kuendelea. Kwa hiyo moto hupandishwa polepole hata ufike digrii 1,000 hivi, na tanuri haifunguliwi mpaka ipoe. Kazi ya wiki nyingi yaweza kupotea kwa usiku mmoja wa haraka. Vivyo hivyo katika useremala: meno ya msumeno hupindwa kidogo, moja kushoto na moja kulia, ili njia yake iwe pana kuliko bamba lenyewe. Asiyelijua hilo atausukuma msumeno hata mkono uchoke, akidhani ya kuwa mbao ni mbaya. Mambo haya yamo vitabuni, lakini mwanafunzi huyashika kwa kusimama kando ya mtu ayajuaye.

Mfano ulio bora ni wa binti wa mji huu. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kuendelea na masomo. Miaka ya 1974 na 1975 alikwenda Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Michael Cardew huko Abuja ya zamani, ambayo leo huitwa Suleja. Huko alijifunza kufinyanga kwa mkono, pasipo gurudumu, kwa Ladi Kwali na akina mama wenzake. Ladi Kwali alijifunza kazi hiyo kwa shangazi yake, wala hakuwa na cheti cha chuo. Aliingia kituoni mwaka 1954 kufanya kazi na kuwaonyesha wengine. Leo vyombo vya Odundo vimo katika majumba makubwa ya makumbusho, likiwamo British Museum la London. Naye Ladi Kwali, Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunukia shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1977. Alifariki mwaka 1984, na sura yake imo nyuma ya noti ya naira 20. Taifa lile lilimjua mwalimu wake wa pili.

Nchini kwetu jambo hili lilijaribiwa mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza. Wazazi walichanga kwa harambee, wakajenga karakana shuleni. Kuta zilisimama, lakini mahali pengi zana hazikutosha, na waliofunzwa kuzitunza na kuzitumia walikuwa haba. Mtaala ulipopitiwa upya mwaka 2002, masomo mengi ya mikono yakapunguzwa. Watu wakasema kazi za mikono zimeshindwa. Sisi twasema: nyumba ilijengwa, mwenyeji hakuwekwa.

Ilhali wenyeji wako. Katika Barabara ya Naivasha na Barabara ya Ngong maseremala na wahunzi wa jua kali hufanya kazi mchana kutwa, na vijana wamewazunguka. Fundi asiyepita chuoni aweza kupimwa na National Industrial Training Authority, kwa mitihani ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, akapata cheti.

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, Chama kikilipa karo ya mwanafunzi wa ufundi, kiulize kama karakana ya chuo hicho ina fundi. Pili, sehemu ya mfuko wa elimu itengwe kwa zana na kwa ada ya mitihani ya mafundi wa mitaa yetu. Tatu, jina la fundi liandikwe katika taarifa hii kando ya jina la mwalimu. Twajua ya kuwa shauri la pili litapunguza idadi ya wanafunzi tuwalipiao karo, na mzazi atakayekosa atanung'unika kwa haki. Wazee walipime jambo hili: ni heri wanafunzi kumi wenye karo na karakana iliyofungwa, au wanane ambao mlango wao una mtu wa kuufungua?