UZI: "Fanyeni kama Australia." Sawa, lakini Australia ilifanya nini hasa?

1. Kila mjadala wa wakimbizi ukipamba moto huku mtandaoni, lazima atokee mtu aseme: "Fanyeni kama Australia, wapelekeni kisiwani, shida iishe." Mimi nasoma sayansi ya siasa, na hoja hii nimekutana nayo mara nyingi mno. Kwa hivyo leo tuifuate mwaka baada ya mwaka. Kama kawaida ya nyuzi hizi, hatutaji chama wala mwanasiasa. Tunataja tarehe na namba.

2. Tuanze na sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini. Mkataba huo ulihitaji nchi sita kuuridhia ndiposa uanze kutumika. Nchi ya sita, mwaka wa 1954, ilikuwa Australia yenyewe. Weka hiyo akilini.

3. Agosti 2001. Boti ya uvuvi iliyotoka Indonesia inakwama baharini. Meli ya mizigo ya Norway, Tampa, inaokoa watu 433, wengi wao Wahazara wa Afghanistan. Nahodha anaelekea Kisiwa cha Christmas, ambacho ni ardhi ya Australia. Serikali inakataa, na wanajeshi wa kikosi maalum wanapanda melini. Uchaguzi mkuu umebaki chini ya miezi mitatu.

4. Njia iliyopatikana ni hii: New Zealand ichukue baadhi, waliobaki wapelekwe Nauru. Nauru ni nchi ya kilomita za mraba 21. Nairobi ni karibu 700, sasa piga hesabu. Ilikuwa imetegemea madini ya fosfeti kwa miaka mingi, yakaelekea kuisha, hazina ikawa tupu. Nchi yenye pesa ilikutana na nchi yenye shida. Baadaye ikaongezwa kambi ya pili, kisiwa cha Manus, Papua New Guinea.

5. Bunge nalo likabadilisha sheria. Ukitua Kisiwa cha Christmas kwa boti bila viza, huwezi tena kuomba hifadhi kama mtu aliyefika Australia bara. Yaani ardhi ni yao, lakini kwa ombi lako haihesabiki.

6. Oktoba 2001, katikati ya kampeni, wananchi wakaambiwa kwamba waomba hifadhi waliwatupa watoto wao baharini ili waokolewe. Uchunguzi wa Seneti mwaka uliofuata ulipata kwamba hakuna mtoto aliyetupwa. Kura zilikuwa zimeshapigwa. Mwezi huohuo wa Oktoba boti nyingine ilizama na watu 353 wakafa.

7. Matokeo ya awamu ya kwanza? Mwaka wa 2001 walifika kwa boti watu zaidi ya 5,500. Mwaka wa 2002, karibu hakuna. Wanaotetea sera hutaja namba hizi, na ni za kweli. Lakini wakati huohuo jeshi la majini lilikuwa limeanza kurudisha boti Indonesia, na mwisho wa 2001 utawala wa Taliban ukaanguka. Mambo matatu yalitokea pamoja, halafu sifa zote zikapewa kisiwa.

8. Na wale watu je? Kati ya 2001 na 2008 walipelekwa visiwani watu 1,637. Karibu asilimia 70 hatimaye walipewa makazi, na wengi wa hao walipewa wapi? Australia. Ilelile waliyoambiwa hawataikanyaga.

9. Mwaka wa 2008 kambi zikafungwa na serikali mpya. Boti zikarudi: mwaka wa 2012 walifika zaidi ya 17,000. Katika miaka hiyo watu zaidi ya 1,000 walikufa baharini. Hapa naomba tusiwe wepesi wa kubeza. Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya wanaotetea sera. Ukiwajibu kwa kuwaita wabaguzi tu, bado hujawajibu.

10. Agosti 2012, jopo la wataalamu likapendekeza kambi zifunguliwe tena, na zikafunguliwa. Sasa angalia vizuri. Mwaka wa 2013 walifika zaidi ya 20,000, idadi kubwa kuliko miaka yote. Kambi ziko wazi, boti zinakuja. Julai 2013 serikali ikatangaza kwamba atakayekuja kwa boti hatapata makazi Australia maishani. Namba zikaanza kushuka. Septemba ikaingia serikali nyingine, jeshi la majini likaanza tena kurudisha boti, na namba zikaporomoka kabisa.

11. Baada ya 2014 hakuna kundi jipya lililopelekwa visiwani kwa karibu miaka 9, na boti hazikurudi kama zamani. Kama kisiwa ndicho kilichozuia, mbona kiliendelea kuzuia bila kupokea mtu mpya? Mimi nasoma hivi: kilichofunga njia zaidi ni doria ya baharini. Kambi zilibaki na watu ambao hakuna aliyejua awapeleke wapi.

12. Na watu hao walikuwa zaidi ya 4,000. Februari 2014 kijana wa Iran aliuawa katika ghasia za kambi ya Manus. Aprili 2016 Mahakama ya Juu ya Papua New Guinea ikasema kuwafungia watu pale ni kinyume cha katiba. Mwaka wa 2017 Australia ikakubali kuwalipa waliozuiliwa Manus dola milioni 70 za Australia. Behrouz Boochani, mwandishi Mkurdi kutoka Iran, aliandika kitabu kizima kwa jumbe za simu akiwa huko. Mwaka wa 2019 kilishinda tuzo kubwa ya fasihi Australia, nchi ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuingia.

13. Mwisho wao ukawa nini? Wengi walitambuliwa kuwa wakimbizi halali. Marekani ilikubali mwaka wa 2016 kuchukua hadi 1,250. New Zealand ilijitolea mwaka wa 2013 kuchukua 150 kila mwaka. Australia ikakubali 2022. Miaka 9 mtu anangoja jibu ambalo lilikuwa mezani.

14. Sasa tuje kwetu, maana sisi si watazamaji. Uingereza iliiga hoja hii mwaka wa 2022, na nchi iliyochaguliwa kupokea ilikuwa Rwanda. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema mpango ni kinyume cha sheria: kulikuwa na hatari ya watu kurudishwa walikotoroka. Mwaka wa 2024 ukafutwa. Serikali iliyoufuta ilisema zimetumika pauni milioni 700. Waliokwenda Rwanda chini ya mpango huo ni wanne, tena kwa hiari.

15. Kwa hivyo mtu akikuambia "fanyeni kama Australia", muulize: sehemu gani? Kurudisha boti? Sisi wakimbizi wetu wengi wanavuka mpaka wa nchi kavu kutoka Somalia na Sudan Kusini. Hakuna bahari ya kufanyia doria. Kuwapeleka kwingine? Australia ilikuwa na pesa ya kukodi nchi nzima. Sisi tuna Dadaab tangu 1991 na Kakuma tangu 1992, na tunapitisha bakuli kwa wafadhili kuziendesha.

16. Na muulize swali la mwisho. Katika mikataba hii kuna anayelipa na anayepokea. Ukiangalia nani amekuwa akifuatwa katika ukanda huu, unadhani siku wakija kubisha hodi Nairobi, watatuona sisi ni Australia, ama Nauru?

Mwenye swali au namba tofauti aweke hapa chini. Hoja karibu, matusi hapana.