Ukoo wa TION

Yapange maneno ya Kiingereza kwa mikia badala ya vichwa, na utaona kundi kubwa linaishia kwa herufi zilezile nne: t, i, o na n. Ndani yake mna neno fupi kama "nation", yaani taifa, na mna jitu lenye herufi 29. Ukoo huu haukuzaliwa Uingereza. Uliingia pamoja na watawala, makasisi na makarani, na mpaka leo tabia yake ni ya ofisini.

Waingereza wa kale walikuwa na kiambishi chao cha kugeuza kitendo kuwa jina, "-ung", ambacho leo kimekuwa "-ing". Kisha mwaka 1066 William wa Normandy akaiteka nchi. Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na ya wenye mashamba makubwa, huku Kilatini kikishika kanisa na vitabu. Mkulima aliendelea kusema Kiingereza chake, ila akishtakiwa aliangukia kwenye "accusation", shtaka, na akitaka kuomba haki ilimpasa apeleke "petition", ombi. Sheria ya mwaka 1362 iliamuru kesi zijadiliwe kwa Kiingereza, lakini msamiati wa kigeni ulikwisha kujenga kambi.

Siku za Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, watu waliandika "nacioun" na kuitamka silabi kwa silabi. Baadaye wasomi wakairudisha t ya Kilatini kwenye maandishi, na wakati huohuo ulimi wa watu ukawa unateleza kuelekea "sh". Maandishi yakaenda kaskazini, matamshi kusini. Sisi tuliolipokea neno la reli, "station", kwa sikio tukaandika stesheni, na kwa maoni yangu tuliandika vizuri kuliko wenyewe.

Karne ya 16 ndiyo iliyofungua milango. Wasomi waliolewa Kilatini na Kigiriki walibuni maneno mapya kila walipochovya kalamu, hata wapinzani wao wakayaita maneno ya kidau cha wino. Mwaka 1553 Thomas Wilson alichapisha kitabu cha ufasaha chenye barua ya dhihaka, iliyojazwa makusudi maneno ya kujikweza. Baadhi ya maneno aliyoyacheka, kama "capacity" na "dexterity", leo yanatumika kila siku bila mtu kutabasamu.

Mpinzani aliyekwenda mbali zaidi ni John Cheke, profesa wa Kigiriki wa Cambridge. Alipoitafsiri Injili ya Mathayo alijitahidi kutumia mbao za msitu wa nyumbani. Badala ya "resurrection", ufufuko, akaunda "gainrising", kuinuka tena. Akida wa askari mia akamwita "hundreder". Mwaka 1557 aliandika barua akitaka lugha yake ibaki safi, na katika kuutaja usafi huo akatumia "pure", neno lenye asili ya Kilatini. Alishindwa kabisa. Hakuna mhubiri anayesema "gainrising" asubuhi ya Pasaka.

Kufikia 1604 maneno ya kigeni yalikuwa mengi kiasi kwamba Robert Cawdrey alitoa kitabu cha maneno magumu kama 2,500, akiyaeleza kwa Kiingereza chepesi. Hiyo ndiyo kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, na ilizaliwa kwa sababu Waingereza hawakuelewa tena Kiingereza chao.

Jitu lenyewe linaonekana mwaka 1741, katika barua ya mshairi William Shenstone: "floccinaucinihilipilification". Maana yake ni kukihesabu kitu kuwa hakina thamani yoyote. Ukilifungua unakuta maneno manne ya Kilatini, la kishungi cha sufu, la upuuzi, la kutokuwa na kitu na la unywele, ambayo wanafunzi waliyakariri katika sarufi kama namna za kusema kitu hakifai. Mzaha wa shuleni uliyaunganisha, kisha mkia wa TION ukabandikwa mwishoni. Lina i tisa, na halina e hata moja, ingawa e ndiyo herufi inayotumika kuliko zote katika Kiingereza. Mwaka 2012 mbunge Jacob Rees-Mogg alilitamka katika Bunge la Uingereza. Halijapata kufanya kazi nyingine zaidi ya kujionyesha.

Yaliyokuja kufanya kazi yana historia nzito zaidi. Mwanafalsafa Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotoka 1789, aliliunda neno "international", la mambo baina ya mataifa. Yeye pia ndiye aliyetupa "codification", kukusanya sheria katika mfumo mmoja. Karne mbili zilizofuata zikaongeza viwanda, dola na wizara, na kila wizara ilihitaji TION yake. "Deinstitutionalization", herufi 22, ni kuwatoa wagonjwa wa akili katika hospitali kubwa ili watunzwe katika jamii. Marekani ilikuwa na zaidi ya wagonjwa 550,000 katika hospitali hizo mwaka 1955, na mwaka 1963 Rais Kennedy alitia saini sheria ya vituo vya jamii. Wengi walitolewa, lakini vituo vilivyoahidiwa havikutosha.

George Orwell, aliyewahi kuwa polisi wa kikoloni Burma, aliliona tatizo la maneno ya aina hii mwaka 1946. Katika insha yake juu ya siasa na lugha alionyesha jinsi vijiji vinavyopigwa mabomu na wanavijiji kufukuzwa, kisha shughuli nzima ikapewa jina la "pacification", kuleta amani. Hapo ndipo ubaya wa mkia huu ulipo: unakibakisha kitendo na kumficha mtendaji. Ukikutana nao katika ripoti au mkataba, uliza nani alifanya, na alimfanyia nani.

Wahandisi wa kompyuta hawakuwa na subira na ukoo huu. "Internationalization", kazi ya kuiandaa programu ikubali lugha za mataifa mbalimbali, ina herufi 20. Wao wanaandika i18n. Ile 18 ni idadi ya herufi zilizotupwa katikati, na katika TION yote imesalia n peke yake.