Sanaa Huria, Elimu ya Kiungwana au Taaluma Pana?

Njia ya kuwa wakili inajulikana vyema Yamumbi, kitongoji kilicho pembezoni mwa Eldoret katika eneobunge la Kapseret. Mtoto hufanya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, huomba kozi kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, akibahatika huitwa kusomea sheria, na baada ya miaka minne huelekea Nairobi, Kenya School of Law. Hata hiyo miaka minne si lazima iwe ya mbali na nyumbani: Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984, kina Shule ya Sheria katika kampasi yake ya Annex, papo hapo Eldoret. Ndiyo maana barua ikitoka Marekani kwamba kijana amekubaliwa katika “liberal arts college”, naye akasema ataomba sheria baadaye, jamaa hushindwa kuielewa. “Sasa mwanangu, huko unaenda kusomea nini hasa?”

Swali ni halali, na sehemu kubwa ya utata wake imo katika maneno.

Barua za aina hiyo si ndoto katika eneo hili. Mjini Iten, mwendo mfupi wa matatu kutoka Eldoret, ndiko ulikokita mizizi mradi wa KenSAP, ulioasisiwa mwaka 2004 na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki za Munich 1972, pamoja na mwandishi wa habari Mmarekani John Manners. Uliwatafuta wanafunzi wa Bonde la Ufa waliong’aa katika KCSE, ukawaandaa kwa mtihani wa SAT na kuwasaidia kuomba vyuo vya Marekani. Miaka ya mwanzo walipimwa hata kwa mbio za mita 1,500. Baadhi yao waliingia Harvard na Yale, majina ambayo kila mtu anayajua. Wengine walikwenda vyuo vidogo kama Amherst na Williams, na hapo ndipo maelezo yalipohitajika.

Neno la kwanza linaloteleza ni “college”. Nchini Kenya, aliyekosa alama za kuingia university husemwa kwamba “ameenda college”, yaani kutafuta cheti au diploma. Marekani neno hilo halina aibu hiyo. Hutaja chuo kinachotoa shahada ya kwanza, mara nyingi hiyo peke yake, kwa miaka minne. Amherst, kilichofunguliwa 1821, kina wanafunzi wapatao 1,900, idadi isiyo mbali na ile ya shule kubwa ya upili ya bweni hapa Kenya. Udogo huo ni wa makusudi. Madarasa ni ya watu wachache, profesa ndiye anayefundisha na kusahihisha insha kwa mkono wake, na mwanafunzi hawezi kujificha safu ya nyuma.

Neno la pili ni “arts”. Kiswahili kina “sanaa”, na msomaji akisikia “chuo cha sanaa” humjia akilini taasisi kama ile ya Bagamoyo, inayofundisha ngoma, maigizo na uchoraji. Mtaala mpya wa Kenya umezidisha mkanganyiko, kwa kuwa mwanafunzi wa Gredi ya 10 sasa huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu, na mmojawapo ni wa sanaa na michezo. Mzazi akiambiwa binti yake mwenye A ya Hisabati anakwenda “chuo cha sanaa”, ana haki ya kushtuka.

Jibu la mshtuko huo ni Wangari Maathai. Alipokwenda Marekani mwaka 1960, wakati wa safari za wanafunzi zilizoandaliwa na Tom Mboya na wenzake, alipokelewa na Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha Kikatoliki cha wanawake mjini Atchison, Kansas. Kilikuwa chuo cha “liberal arts” hasa. Digrii aliyotoka nayo mwaka 1964 ilikuwa ya biolojia, huku kemia na Kijerumani vikiwa masomo yake ya pili. Sayansi ilikuwamo ndani ya hizo “arts” tangu awali.

Kiini cha “liberal arts” ni cha kale. Wasomi wa Ulaya ya enzi za kati walihesabu fani saba. Tatu za kwanza zilihusu neno: sarufi, usemaji na mantiki. Nne zilizofuata zilihusu namba na maumbile: hesabu, jometri, muziki na elimu ya nyota. Mwanachuoni wa Lamu au Unguja asingeziona ngeni, kwa sababu yeye naye alipitia nahau, balagha na mantiki, na wakati mwingine falaki, katika safari ya kuifahamu fiqhi. Kwamba anayetaka kuhukumu kwa sheria aanze kwa kujua lugha inavyofanya kazi na hoja inavyosimama, hilo Waswahili walilijua kabla ya chuo kikuu chochote kufunguliwa Afrika Mashariki.

Linabaki “liberal”, neno gumu kuliko yote. Kanisani linaweza kueleweka kama ulegevu wa imani, ingawa vingi vya vyuo hivi viliasisiwa na makanisa, na Daystar hapa Kenya hujitambulisha kuwa chuo kikuu cha Kikristo cha mkondo huohuo. Wafasiri wengi hukimbilia “huria”. Lakini huria tayari ina kazi mbili nzito: kuna soko huria, na kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kumfikia anayesoma akiwa mbali. “Sanaa huria” basi humpa msikilizaji picha ya uchoraji usio na masharti, unaofundishwa kwa posta.

Kilatini kilikuwa na maana nyingine. Fani hizo ziliitwa hivyo kwa kuwa zilimfaa mtu huru, asiye mtumwa. Kiswahili kina neno linalolingana nalo kwa ajabu: mwungwana, ambaye zamani pwani alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kisha akawa mtu mwenye adabu na elimu. “Elimu ya kiungwana” ingekuwa tafsiri ya karibu zaidi kihistoria. Haifai leo kwa sababu mbili: msikilizaji wa sasa ataelewa mafunzo ya adabu, na anayeijua historia ataukumbuka utumwa.

Pendekezo lenye nguvu zaidi ni “chuo cha taaluma pana”. Linasema kile ambacho mwanafunzi anafanya: anachagua somo moja la kuzamia, huku akitakiwa kugusa lugha, historia, sayansi na hesabu. Halimpeleki jukwaani wala halimtishi mchungaji.

Sheria inaingiaje hapo? Marekani haina digrii ya sheria ya moja kwa moja kutoka sekondari kama ya kwetu. Mtu humaliza kwanza shahada ya miaka minne ya somo lolote, ndipo aombe shule ya sheria ya miaka mitatu inayotoa shahada ya JD (Juris Doctor). Chama cha mawakili cha nchi hiyo, ABA, hakipendekezi somo mahususi la kutangulia. Kinachopimwa ni wastani wa alama, mtihani wa kuingilia kama LSAT, insha na barua za maprofesa. Hapo udogo wa chuo husaidia: profesa aliyesoma insha ishirini za mwanafunzi ana la kuandika. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Nyanza kwenda Hawaii mwaka 1959, alianzia Occidental, chuo kidogo cha taaluma pana mjini Los Angeles. Baada ya miaka miwili alihamia Columbia, akahitimu 1983, akafanya kazi za kijamii Chicago, na ndipo akaingia shule ya sheria ya Harvard mwaka 1988.

Kenya ilirithi njia ya Uingereza, ambapo sheria ni shahada ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa Afrika Mashariki tangu kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961. Anayetoka kidato cha nne anahitaji wastani wa C+ na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili, na hapo lugha hizo mbili ziko sawa. Akishapata shahada hiyo, yaani LLB, ndipo aende Kenya School of Law, iliyoanzishwa 1963. Kwa hiyo “shule ya sheria” ina maana tatu: ya Moi inayotoa LLB, ya Nairobi inayomwandaa wakili, na ya Marekani inayotoa JD. Isitoshe, ile D ya JD si ya uzamivu.

Tofauti hiyo ina bei. Njia ya Marekani ni miaka saba, na ya Kenya ni minne ikifuatwa na mafunzo ya uwakili pamoja na miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu. Vyuo vidogo vyenye fedha, Amherst kikiwamo, huwagharamia wageni wasiojiweza katika shahada ya kwanza. Miaka mitatu ya JD ni ghali, na wengi huilipia kwa mikopo. Shahada ya taaluma pana peke yake haimfanyi mtu wakili Kenya: akirudi nayo atahitaji LLB, na akirudi na digrii ya sheria ya nje, itabidi itambuliwe na Baraza la Elimu ya Sheria.

Anayetaka kutetea watu katika mahakama za Eldoret haraka iwezekanavyo aende Annex. Anayetaka kusoma kwa upana kabla ya kuamua, na ana ufadhili wa miaka minne mkononi, achukue chuo cha taaluma pana. Ila kabla ya kutia sahihi, aandikie Baraza hilo kuuliza jinsi digrii anayoifuata itakavyohesabiwa, na jibu alipate kwa maandishi.