Kutoka Kibla cha Dimbani hadi Hifadhi za Kidijitali

Katika Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kuna msikiti ambao kibla chake, yaani sehemu ya ukuta iliyobonyea kuelekea Makka, kimezungukwa na maandishi ya Kikufi, ambao ni mwandiko wa kale wa Kiarabu wenye herufi za pembepembe, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Maandishi hayo yanaeleza kwamba msikiti ulijengwa kwa amri ya Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad katika Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijria, unaolingana na mwaka 1107 Miladia. Ingawa sehemu kubwa ya jengo la leo ni ya karne ya 18, maandishi yenyewe ni miongoni mwa ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Kwa karne nyingi watu wa Kizimkazi walisali mbele ya maandishi hayo na kuyatunza, lakini Kikufi si mwandiko unaosomwa na kila aliyehitimu chuoni, na uchambuzi wake wa kitaalamu ulikuja kuandikwa na Samuel Flury, ambaye makala yake yalichapishwa mwaka 1922 katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Asia mjini London. Tangu hapo, aliyetaka kusoma habari za kina za jiwe la Dimbani alilazimika kuifikia maktaba iliyokuwa na jarida hilo, na maktaba za namna hiyo zilikuwa mbali mno na Dimbani. Jiwe lilibaki kijijini, elimu yake ikakaa ng'ambo.

Unguja haikuwa maskini wa vitabu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alianzisha kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya fikihi ya madhehebu ya Kiibadhi, kikiwemo Qamus al-Sharia. Na katika Mji Mkongwe, Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliendesha madrasa iliyovuta wanafunzi kutoka sehemu mbalimbali za pwani. Hata hivyo, miswada, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, ilikaa zaidi katika nyumba za masheikh, na aliyetaka kuisoma alihitaji kwanza kukubaliwa na mwenyewe. Hifadhi ya nyaraka iliyoko Kilimani, ambayo huduma yake ilianza mwaka 1956, ilikusanya barua za masultani, kumbukumbu za mabalozi na miswada ya Kiarabu mahali pamoja. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, ila mwanafunzi wa kusini alitakiwa bado kusafiri hadi mjini.

Mfano ulio bora zaidi wa hatua iliyofuata uko Lamu, katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, ambaye mafungamano yake na wanazuoni wa Unguja, akiwemo Bakathir, yalikuwa ya karibu. Miswada ya msikiti huo ilipigwa picha za kidijitali, yaani picha zinazohifadhiwa na kusomwa kwa kompyuta, chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, kazi iliyoongozwa na mwanahistoria Anne Bang. Kanuni ya mpango huo inastahili kusifiwa: nyaraka za asili haziondolewi katika nchi zake, na nakala za picha hukabidhiwa taasisi ya nyumbani pamoja na maktaba ya London.

Umuhimu wa nakala ya nyumbani ulidhihirika Oktoba 2023, wahalifu wa mitandao walipoishambulia Maktaba ya Uingereza na makusanyo yake mengi ya kidijitali yakawa hayafikiki kwa muda mrefu. Mei 2024, nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilikatika na huduma ikazorota Tanzania nzima. Hifadhi inayotegemea mashine za ng'ambo na waya mmoja au miwili baharini haijawa bado mali ya msomaji wa Unguja, hata kama imeandikwa kuwa ni ya bure.

Picha peke yake nayo haitoshi, kwa sababu Kikufi kisichosomeka ukutani hakisomeki zaidi kwenye kioo cha simu. Lazima kiambatane na unukuzi wa herufi za kawaida, tafsiri ya Kiswahili na maelezo yanayotafutika kwa Kiswahili. Kazi hiyo ni ya Waswahili wenyewe, na wenye uwezo wa kuifanya wapo. Hifadhi ya Kilimani na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar vianze na maandishi ya Dimbani, na nakala ya kwanza iwekwe katika kompyuta za skuli za Kizimkazi, isomeke hata pasipo na intaneti.