Michezo kwa Mtoto Asiyetulia Darasani: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi wa Mofu

Upungufu wa umakini na utundu uliopitiliza, unaofahamika kitaalamu kwa kifupi cha ADHD, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kusubiri zamu au kumaliza kazi aliyoianza. Si ukaidi, wala si matokeo ya malezi mabaya. Makadirio ya kimataifa yanaonesha kuwa takribani watoto 5 katika kila 100 wana hali hiyo. Katika darasa la wanafunzi 80, hao ni wanne.

Dalili huanza kabla ya umri wa miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi na huonekana katika mazingira yasiyopungua mawili, kama vile nyumbani na shuleni. Sharti hilo la mwisho husahauliwa mara nyingi. Mtoto anayesumbua katika kipindi kimoja tu huenda shida yake ni kipindi hicho.

Kwa wakazi wa Mofu na kata nyingine za Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, zipo sababu mbili za kuchunguza kwanza. Tafiti zilizofanyika Uganda zimebainisha kuwa baadhi ya watoto waliopona malaria kali iliyopanda kichwani hubaki na udhaifu wa umakini. Aidha, kifafa kimefahamika kwa muda mrefu katika eneo la Mahenge, ng'ambo ya Mto Kilombero, ambako Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aina mojawapo ya kifafa humfanya mtoto aduwae kwa sekunde chache bila kuanguka, naye hudhaniwa hasikilizi.

Mwili unaposhughulika, ubongo huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali zilezile zinazolengwa na dawa za hali hii. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013, watoto wenye ADHD waliofanya mazoezi kwa dakika 20 walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu kuliko walipokuwa wameketi kwa muda huohuo. Mazoezi hayachukui nafasi ya tiba, lakini hayahitaji duka la dawa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Rede, kombolela na kuruka kamba vinatosha. Jambo la msingi ni wakati: dakika kumi za mbio ziwekwe kabla ya kipindi cha hisabati, si mwisho wa siku. Makundi yawe madogo, kwa kuwa ugomvi huanzia kwenye foleni ya kusubiri zamu, na maelekezo yatolewe moja baada ya jingine. Masika, uwanja unapojaa maji, watoto waruke palepale darasani. Asiyetulia atumwe kufuta ubao au kukusanya madaftari.

Kumnyima mtoto huyo mapumziko kama adhabu ni kumwondolea kinachomsaidia. Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kutoa visivyozidi vinne kwa kosa kubwa. Kushindwa kukaa kimya si kosa la namna hiyo.

Mzazi aanzie zahanati ya karibu, akiwa na maelezo ya mwalimu yaliyoandikwa, ili mtoto apewe rufaa ikibidi, ikiwemo kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara.